Mguu wa Kushoto wa Nduku

Kathiani, Jumatano, tarehe 20 Agosti. Asubuhi ukungu mzito, vilima vya Iveti havikuonekana hadi saa nne. Manyunyu, kisha jua hafifu. Baridi.

Mumbua mwanangu,

Nimeanza na hali ya hewa kwa sababu mkono wangu haujui kuanza ukurasa kwa njia nyingine. Umenicheka kwa jambo hili tangu ukiwa mdogo. Nicheke tena leo, lakini usiache kusoma.

Sasa ni saa kumi na nusu jioni. Umeenda kwa mjomba wako Mutua kumuaga, na umesema utarudi kabla ya saa mbili. Begi lako kubwa liko juu ya kitanda changu. Nimelifungua mara mbili na kulifunga. Tangu Jumapili nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini kabisa, katikati ya zile sweta mbili, uipate ukishafika Kanada, mimi nikiwa mbali na uso wako.

Ninaogopa. Nimeandika neno hilo na kulitazama, na ni la kweli, kwa hiyo naliacha.

Sitakuandikia habari za baridi ya huko, wala chakula, wala kanisa. Una miaka thelathini na minne, wewe ni daktari, umeishi Syokimau peke yako miaka sita na hujalala njaa. Hayo ya sweta nimekuambia wiki nzima kwa sababu nilikuwa nakwepa haya mengine.

Haya mengine ni haya. Mwezi wa sita ulinipigia simu ukiwa unajaza fomu za afya za hicho chuo cha Kanada. Nilikuwa kwenye cherehani, nashona kola za sare. Ukaniuliza, "Mwaitu, kuna mtu kwetu aliwahi kugandwa na damu mguuni au kifuani?" Nikanyamaza, ukadhani mtandao umepotea. Kisha nikasema, "Hakuna." Nikasikia kalamu yako. Uliandika hakuna.

Nilikudanganya. Yupo. Ni Nduku, mama aliyekuzaa. Na nadhani ni Susu, nyanya yako, pia. Kesho usiku utaketi ndani ya ndege saa nane, ushuke, usubiri, uketi tena saa nane nyingine bila kunyoosha miguu, ukiwa umebeba damu ya wanawake hao wawili na karatasi inayosema hakuna.

Nimeandika lililo zito kwanza. Sasa nakueleza lilivyotokea, kwa utaratibu, kama ninavyoweza.

Unajua kwamba sikukuzaa, ingawa waniita Mwaitu, mama. Hilo halijawahi kufichwa katika boma hili. Susu alikuambia ukiwa na miaka mitano, ukauliza kama chapati za Krismasi bado zitakuwepo, tukaona umeelewa. Unachojua ni kwamba Nduku, mdogo wangu, alikuzaa mwezi wa Novemba wakati wa mvua, ndiyo maana ukaitwa Mumbua, na kwamba wiki mbili baadaye moyo wake ulisimama. Hayo maneno, "moyo ulisimama," niliyatunga mimi. Nilimpa Susu, Susu akawapa watu wa kanisa, na miaka ilipopita yakarudi kwako yakiwa yamekauka na kuwa kweli.

Nduku alikuwa na miaka ishirini na miwili, mimi ishirini na sita. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kujifunza ushonaji, na katika nyumba hii mimi ndiye niliyeandika kila kitu. Nilipima mvua kwa kopo la rangi. Niliandika siku kuku alipoanza kulalia mayai. Nduku aliniita Karani. Nikimletea uji ananiuliza, "Karani, umeandika kwamba hauna sukari?" Nikichelewa kumletea anasema, "Andika pia kwamba mzazi alikufa njaa." Hakuna mtu mwingine amewahi kuniita jina hilo, na baada yake sikuruhusu mtu aliseme.

Siku ya nane baada ya wewe kuzaliwa, mguu wake wa kushoto ulivimba. Ulivimba huo mmoja tu, kutoka kifundo hadi juu ya goti, ukawa mzito na wa moto, ngozi ikimeta. Mvua ilikuwa imekata barabara ya Machakos pale mtoni, na kwa siku tatu hakuna gari lililopita. Susu hakushtuka. Alipandisha rinda lake akatuonyesha mguu wake mwenyewe, wa kushoto vilevile, uliokuwa mweusi kuanzia kifundo kwenda juu. Akasema ulivimba hivyo hivyo alipomzaa Nduku, akakandwa kwa maji moto na chumvi, akapona. Kwake kupona kulikuwa ni kutokufa. Kile kidonda cha kifundo kilichokuja baadaye, kile ulichokuwa ukimwosha kila Jumamosi kwa maji ya uvuguvugu tangu ukiwa darasa la tatu, alisema ni cha mwiba. Umewaambia walimu wako wa Kanada kwamba ulichagua mishipa ya damu kwa sababu ya kidonda hicho. Uliponisomea barua yako ya maombi nilitoka nje kana kwamba naenda kuanua nguo. Siku hiyo hapakuwa na nguo kwenye kamba.

Basi nikakanda. Sikulazimishwa. Mzazi hukandwa, kila mtu alijua hivyo, na mimi nilikuwa na mikono yenye nguvu ya mkasi na pasi ya makaa. Lakini sikutaka kukanda tu kama wanawake wengine. Nilitaka kujua kama inafaa. Nikachukua tepu yangu ya ushonaji, nikapima mguu uliovimba na ule mzima, mahali pamoja, vidole vinne chini ya goti, nikatia alama kwa kalamu ili kesho yake nisikosee. Kila jioni niliandika. Nilijivuna sana. Nilidhani hivyo ndivyo hospitalini wanavyofanya.

Zile kurasa nimezifungua leo mchana. Nitakueleza zilivyokuwa zimefungwa. Sasa nazinakili hapa kama zilivyo, kwa sababu wewe unajua kuzisoma kunishinda.

Jumatatu. Mvua usiku kucha. Mguu wa kushoto wa N. inchi 16, wa kulia 13. Kukanda dakika ishirini.

Jumanne. Mvua. Inchi 16. Kukanda mara mbili.

Jumatano. Mawingu. Inchi 15 na nusu. Unashuka.

Alhamisi. Jua. Barabara imefunguka, lori la mchanga limepita saa tatu. Inchi 15. Susu anauliza kama tumpeleke hospitali. Hakuna haja.

Ijumaa. Jua. Inchi 14 na nusu.

Rudi kwenye Alhamisi. Kwa miaka yote hii nimekuwa nikirudi hapo. Susu, ambaye hakusoma hata darasa moja, ndiye aliyeuliza. Lori lilipita. Dereva alikuwa mtu wa hapa, angetuchukua wote wawili na mtoto. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, nikafungua daftari nikamwonyesha mama yangu namba asizoweza kuzisoma, nikamwambia mguu unashuka. Aliniamini. Watu huamini mtu mwenye daftari.

Ijumaa jioni niliingia na beseni. Nduku alikuwa ameegemea ukuta, anakunyonyesha. Akasema, "Karani, leo usinikande. Kifua kinanichoma nikivuta pumzi."

Nikamwambia ni baridi, amelala karibu na dirisha. "Mguu unashuka, Nduku. Imebaki kidogo tu."

Akanitazama na kile kicheko chake cha upande mmoja. "Basi kanda hesabu, uniache mimi."

Tulicheka, sisi wawili. Kisha nikakuchukua kutoka kifuani pake, nikakulaza, nikaushika mguu. Nilikanda kwa nguvu kuliko siku zote zilizotangulia, kwa sababu nilitaka tufike inchi kumi na nne kabla ya Jumapili. Hilo nalo ni la kweli na naliacha hapo.

Asubuhi alitoka kwenda choo. Alipiga hatua chache uani. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa nimekubeba. Akashika kifua, akasema "hewa," akaketi chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kabla Susu hajatoka jikoni, ilikuwa imekwisha. Katika daftari, Jumamosi hiyo ina neno moja. Jua.

Baada ya mazishi nilichukua uji mzito uliobaki kwenye sufuria nikazipaka zile kurasa mbili zinazotazamana, nikazibandika, nikaweka pasi juu yake hadi zikashikana. Sikuweza kuzichana, maana sijawahi kuchana ukurasa wa daftari langu hata mmoja. Wala sikuweza kuziacha wazi. Leo mchana nimechemsha maji na kuzishikilia juu ya mvuke wa birika, polepole, kwa ncha ya kisu cha kufumulia nyuzi. Wino umefifia lakini namba zote zinasomeka. Nimezikata kwa mkasi, kurasa zangu za kwanza kutoka daftarini, nikaziweka ndani ya bahasha hii.

Wakati ule sikujua nilichofanya. Nilijua tu kwamba aliniomba niache na sikuacha, na kwamba lori lilipita. Hayo peke yake yalinitosha. Lakini nilikuja kujua zaidi, kwa awamu mbili, na mara zote mbili ulikuwepo.

Awamu ya kwanza ulikuwa na miaka kumi na tisa, umerudi kutoka chuo kwa likizo. Nikipanga nguo zako nikakuta vidonge vya kupanga uzazi kwenye droo. Unajua sipiti karatasi yenye maandishi bila kuisoma. Ile iliyokuwa imekunjwa ndani ya boksi ilikuwa ya Kiingereza cha herufi ndogo, nikaisoma yote. Ilisema vidonge hivyo vyaweza kufanya damu igande katika mshipa wa mguu. Ilisema dalili ni mguu mmoja kuvimba na kuuma, kisha kifua kuchoma na pumzi kukatika. Ilisema mwambie daktari ikiwa jamaa yako aliwahi kupatwa na hali hiyo. Nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikamaliza nikiwa nimekaa sakafuni.

Nilivitupa vidonge vyako chooni. Ulipovitafuta ulinijia umekasirika ukasema, "Mwaitu, hizo dawa ni za maumivu ya tumbo ya kila mwezi, si za wavulana. Sasa umekuwa polisi wa kanisa?" Nikakubali kuwa polisi wa kanisa. Tulikaa wiki nzima bila kuzungumza vizuri, na tangu siku hiyo ukaanza kunificha mambo yako, jambo ambalo nilistahili. Ningeweza kusema sentensi moja. Nilichagua unidhanie mshamba.

Awamu ya pili ulikuwa katika ule mwaka wa mazoezi hospitalini, umekuja nyumbani Jumapili moja ukiwa na macho mekundu. Ulikuwa umepoteza mgonjwa, mama aliyetoka kujifungua. Ulikaa hapa mezani ukasema, "Wamemkanda wiki nzima. Wiki nzima, Mwaitu. Watu wanaua mtu wao kwa mikono yao na hata hawajui." Nilikuwa nakupakulia muthokoi. Nikakuongezea. Ukasema imetosha, nikakuongezea tena, hadi ukasukuma sahani.

Usiku huo niliitazama mikono yangu. Kabla ya siku ile nilikuwa na nafasi ya kujiambia kwamba nilikataa ombi la mgonjwa, kwamba nilichelewa kumpeleka. Wewe ndiye uliyenieleza, bila kujua unamweleza nani, kwamba bonge la damu lilikuwa limelala humo ndani na mimi nilikuwa nikilisukuma.

Sasa unaenda kusoma mishipa ya damu miaka miwili, mishipa na hakuna kingine. Watakupa picha, watakupa vitabu, watakupa wagonjwa wenye mguu mmoja uliovimba. Siku moja, nadhani haitakuwa mbali, utakuwa umekaa darasani mwalimu akizungumza juu ya mama aliyejifungua, mguu wa kushoto, siku ya kumi na nne, akianguka anapoenda choo. Wewe si mjinga. Utayaunganisha. Utajiuliza nani alikuwa naye nyumbani. Nimeiona siku hiyo mara nyingi sana, Mumbua. Naamka naiona. Nikiwa nashona naiona, na sindano inapita pembeni. Uko mbali, kuna theluji dirishani, na hakuna mtu karibu nawe anayejua kwamba mwanamke aliyekulea amekukalia kimya maisha yako yote. Hilo ndilo nililoogopa kwa muda mrefu, kwamba utajua usichoambiwa na mimi.

Ukitaka kujua nimejifunza nini, si mengi. Nimejifunza kwamba nilipoandika namba nilikuwa nikiangalia namba. Mgonjwa alikuwa juu ya kitanda kilekile, anaongea, anafanya mzaha, ananiambia kifua kinamchoma, na mimi nilikuwa nimeinama juu ya tepu. Huko unakokwenda nasikia mashine zinapima kila kitu. Nafurahi. Lakini utakapokuwa umechoka na karatasi inasema hali inaendelea vizuri na mgonjwa anasema leo usiniguse, nakuomba ukumbuke mtu mmoja aliyekuwa na kicheko cha upande mmoja.

Na jamaa za wagonjwa watakudanganya. Najua kwa sababu mimi ni mmoja wao. Ukiwauliza, "Mmemkanda?" kwa sauti ile uliyoileta hapa mezani, watasema hapana, kama mimi nilivyosema hakuna. Waulize ni nani alikuwa akimsaidia nyumbani. Atainuka mmoja, au wote watamtazama mmoja. Mpe huyo kiti kwanza. Mwombe akueleze siku baada ya siku, alivyofanya, bila kumkatiza. Atakuwa anakumbuka kila kitu. Sisi hatusahau hata kidogo. Tunangoja tu mtu atakayeuliza bila kutuhukumu kabla hatujafungua mdomo, na mimi kwa miaka hii nimeogopa kwamba mtu huyo si wewe. Labda nimekukosea hapo pia. Sijawahi kukujaribu.

Sikukulea ili kulipia Nduku. Ningependa uamini hivyo, ingawa siwezi kukuapia kwamba hata siku moja haikuwa hivyo. Miezi ya kwanza nilikuamsha usingizini ili nihakikishe unapumua. Susu alinigombeza, akasema namharibu mtoto. Niliandika pumzi zako kwenye daftari, ngapi kwa dakika, hadi siku moja ulipoishika kalamu ukaivuta na kucheka, na ukurasa wote ukajaa mistari. Ile mistari bado ipo. Kuanzia siku hiyo niliacha kukuhesabu, na nadhani hapo ndipo nilipokuwa mama yako.

Saa moja kasoro. Nimeinuka kuwasha taa na nimerudi kusoma niliyoandika.

Mumbua, nimeona kitu. Nilipanga barua hii iwe chini ya begi, katikati ya sweta. Begi litaenda tumboni mwa ndege. Ungeipata baada ya zile saa zote za kuketi. Nimekaa hapa jioni nzima nikijiambia kwamba sasa nasema kweli, na kumbe nilikuwa nimeipanga kweli yenyewe ifike ikiwa imechelewa, ili mimi nisiwepo. Ni Alhamisi ileile. Lori linapita na mimi nimeshika daftari.

Nasikia mbwa wa jirani. Huenda ni wewe. Sifungi bahasha.

Saa sita na nusu usiku. Ukurasa umebaki nusu na sipendi kuuacha hivyo, kwa hiyo naandika yaliyotokea, ingawa ulikuwepo.

Ulirudi saa mbili kasoro dakika kumi, una mfuko wa maparachichi ya Mutua. Nilikupa barua kabla hujavua viatu. Ukasoma umesimama, kisha ukavuta kiti. Ulipofika kwenye zile kurasa za zamani uliziweka chini ya taa na kuzifuata kwa kidole, mstari kwa mstari, na uso wako ulikuwa ule wa kazini ambao sijawahi kuuona ukiwa nyumbani. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Sikuwa na chochote mkononi na sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

Uliuliza bila kuinua macho, "Alikohoa damu?"

Nikasema hapana.

"Susu aliharibikiwa na mimba ngapi?"

Nikasema mbili, nijuazo mimi.

Ukatoka nje. Ulikaa karibu na tangi la maji muda mrefu hata chai ikapoa, nikaipasha tena mara mbili. Uliporudi ulikuwa umenawa uso. Ukasema, "Sijui kama ni mikono yako. Huenda bonge lingeondoka hata kama usingemgusa. Wewe hutajua, na mimi sitajua, hata nikisoma miaka ishirini." Kisha ukasema, "Lakini mwezi wa sita ungeniambia."

Nikasema ndiyo.

"Na nikiwa na miaka kumi na tisa ungeniambia."

Nikasema ndiyo.

Hukunikumbatia, na sikutarajia. Ulichukua simu ukampigia yule daktari mkubwa wako wa Nairobi, ukamweleza habari za familia yetu kwa Kiingereza chepesi cha hospitali, mama, nyanya, mguu wa kushoto, na nikasikia ukimwambia kwamba fomu ile inahitaji kusahihishwa. Asubuhi utapita kwake kabla ya uwanja wa ndege. Atakutoa damu ya kupima, utachomwa sindano ya kuzuia damu isigande, na utavaa soksi ndefu za kubana, ambazo ukinunua bila kupima mguu hazisaidii.

Ukakaa ukingoni mwa kitanda changu, kando ya begi, ukakunja suruali hadi magotini. "Mwaitu, uko na ile tepu?"

Nilikuwa nayo shingoni. Nilikuwa nayo siku nzima na sikujua.

Nikapiga magoti. Ukanionyesha mahali, kwanza kifundo, kisha shavu la mguu pale palipo panene zaidi. Mguu wako ulikuwa baridi kwa kukaa nje. Nilipima wa kushoto nikasahau namba, nikapima tena. Sikuukanda, sikuugusa zaidi ya tepu yenyewe. Nilipomaliza wa kulia nilibaki palepale sakafuni, kalamu mkononi na daftari limefunguka, na mkono haukusogea.

Ulinitazama kutoka juu. Kisha ukasema polepole, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni, "Andika, Karani."

Kifundo, kushoto inchi 8 na nusu, kulia inchi 8 na nusu. Shavu la mguu, kushoto inchi 14, kulia inchi 14.

Barua hii inakwenda kwenye mkoba wako wa mkononi. Nazima taa saa saba na dakika kumi.